Orijino ya Nani?

Baba alipofariki alituachia kishamba ushago, madeni mawili matatu, na Peugeot 504 steshenwagoni iliyokuwa imelala nyuma ya ploti tunayokaa Kawangware. Kishamba tuligawana bila kelele. Ni gari lililofanya mimi na bro wangu tusisalimiane wiki tatu.

Yeye alitaka kung'oa injini ya Mfaransa aweke ya Toyota, alishushe gari chini, atie rimu pana na spika za kutikisa mabati ya majirani. "Gari si kaburi," aliniambia. "Mzae angetaka litembee." Mimi nilitaka lirudi vile lilivyotoka kiwandani: rangi ileile, kabureta ileile, mpaka vile vifuniko vya magurudumu vilivyoibwa nikiwa darasa la tatu. Nilimwona kama mtu anayetaka kumvisha marehemu jezi ya Arsenal. Yeye aliniona kama mtu anayetaka kumweka marehemu kwa chupa.

Ukiishi upande wetu, hii vita unaiona upende usipende. Barabara ya Ngong inapita katikati, Kibera huku, Kawangware kule. Kando ya barabara hiyohiyo kuna uwanja wa mbio za farasi, ambako hufanyika Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyoanzishwa na klabu ya wenye Alfa Romeo mwaka 1970. Waamuzi huinama kuchungulia hadi chini ya gari. Nimewahi kuingia mara moja. Kuna magari pale yana umri wa nyanya yangu lakini ukisimama karibu nayo unajihisi kama umeingia msikitini na viatu.

Toka hapo, panda mathree urudi mtaani, na uko kwenye dunia nyingine. Nganya ina uso wa mwanamuziki ubavuni, skrini ndani, taa za buluu sakafuni. Baada ya muda yote hayo yanafutwa na kuchorwa upya, kwa sababu nganya iliyopitwa na wakati abiria wanaiangalia tu ikipita. Kuna watu huita hiyo kuharibu gari. Huwa hawasemi ni gari gani lililoharibiwa. Mabasi mengi ya aina hiyo huanza maisha kama chasisi ya Isuzu, na bodi huchomelewa hapahapa Nairobi. Hiace nyingi zilikuja kutoka Japani zikiwa gari za mizigo, viti vikafungwa huku. Ukitaka kuirudisha matatu kwa orijino yake utabaki na chuma na matairi manne.

Serikali nayo ina orijino yake. Sheria za Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, matatu zilipakwa mstari wa manjano, zikafungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na michoro ikapigwa marufuku. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore. Novemba 2018 msako ukarudi. Mchoro uleule ukawa haramu, halali, kisha balaa tena. (Mikanda na vidhibiti mwendo sibishani navyo, na mtaona kwa nini.)

Wamarekani walishapitia hii. Miaka ya 1930 na 1940 vijana wa California walichukua Ford kuukuu za bei ya kutupa, wakang'oa madigadi, wakatia injini zenye nguvu, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka. Hizo ndizo hot rod. Wazee wengi waliona ni uhuni mtupu. Lakini mwaka 1997 maonyesho ya Pebble Beach, ambako matajiri hupeleka magari wanayoyalea kuliko mayai, yalifungua kundi la hot rod za kihistoria. Siku hizi kuna fundi analipwa pesa ndefu kurudisha uhuni wa 1948 kwa uaminifu, nati kwa nati. Nilimsomea bro habari hiyo nikidhani itanisaidia mimi. Ilimsaidia yeye.

Mwishowe tulilivuta gari hadi kwa fundi mmoja mzee kando ya Naivasha Road, kila mtu na hoja zake mfukoni. Nikamwambia, "Mzee, nataka ulirudishe vile lilivyokuwa."

"Vile lilivyokuwa lini, kijana?"

Nilidhani ananitania. Akaanza kulifungua. Giaboksi ilikuwa ya 505. Taa moja ya nyuma ilikatwa kwenye ndoo nyekundu kwa kisu cha moto. Swichi ya waipa ilikuwa ya ukutani, ile ya kuwashia balbu ya nyumba. Tangi lilizibwa kwa sabuni ya kipande na kitu kingine ambacho fundi alikataa kukitaja. Kila alipofungua alicheka kwa heshima, kama anayesoma barua ya mtu anayemfahamu. Spea nyingine alizitambua ni za Grogan, akanionyesha hata mkono wa fundi gani ulipita wapi.

Na nyuma kabisa, pale kiwanda kilipoacha nafasi ya mizigo, kulikuwa na ubao umelazwa kutoka tao la gurudumu moja hadi lingine. Sisi tuliuita sambaza, kama zile za matatu. Baba alibeba abiria kwenda Kakamega miaka mingi, na ubao huo ulimpa nafasi tatu zaidi ya zile alizoruhusiwa. Likizo nilikaa pale, nimebanwa katikati ya mama wawili na kuku.

Hapo ndipo hoja yangu iliporegea. Nilikuwa nikisema uaminifu, uaminifu, bila kusema kwa nani. Mtu aliyechora 504 hakunilipia karo. Gari ninalolikumbuka lilitengenezwa kidogokidogo na baba na mafundi wake, usiku, kwa tochi, kwa vitu visivyofanana. Kulirudisha kiwandani ni kuwafuta wote. Na mpango wa bro ungewafuta vilevile, tena kwa muziki.

Lakini ule ubao siwezi kuusifia. Haukuwa na mkanda wala mgongo. Gari lingegongwa kwa nyuma, sisi wa pale ndio tungekuwa wa kwanza. Baba alijua hivyo, na bado alipakia. Karo yangu ilitoka kwa watu waliokaa pale wakibahatisha. Ukiuondoa, umempendezesha marehemu, umemfanya yule dereva safi wa kwenye picha ya mazishi. Ukiuacha, kuna siku mtoto wa mtu atataka kuukalia.

Bro alikuwa kimya muda wote. Kisha akagusa kidevu chake, pale penye kovu, na nikakumbuka mlango wa nyuma uliofunguka kwenye mteremko na yeye akaenda nao. Alikuwa na miaka sita. Nyumbani ilisemekana alianguka kwa baiskeli. Nami nilikuwepo, na miaka ilivyopita hata mimi nilianza kuamini ni baiskeli. Muda huo wote nilidhani anataka kuligeuza gari ili aringe nalo.

"Huu nitupe?" fundi akauliza, ameushika ubao.

Hakuna aliyemjibu, akauegemeza ukutani.

Tumekubaliana breki kwanza, halafu mikanda kwa kila kiti. Injini inabaki ya Mfaransa mpaka ikatae yenyewe. Taa ya ndoo inabadilishwa, polisi hawataki falsafa. Swichi ya ukutani inabaki. Ubao uko kwa mathe chini ya kitanda, na bro ameomba usipigwe msasa. Rangi bado hatujaelewana.