Mji ni Amana, si Milki

Baraza la mji linaposema, "Soko hili limezeeka, tutalivunja tujenge jipya," watu hugawanyika makundi mawili. Kundi moja hushangilia, kwani kwao kila kipya ni maendeleo. Kundi la pili hulia, kwani kwao kila cha kale ni kitukufu. Sisi twaona kwamba wote wawili wameliruka suala lililotangulia, nalo ni hili: mji ni wa nani? Asiyejua mali ni ya nani hawezi kujua ni nani mwenye haki ya kuivunja.

Tuseme kwa insafu: hoja za wakubwa wa mji si upuzi. Soko ambalo mitaro yake imeziba, na ambalo moto ukizuka gari la zimamoto halina njia ya kupita, ni madhara kwa watu, na kuondoa madhara ni wajibu. Asemaye kwamba uchafu ni turathi hakuitetea turathi bali ameiaibisha. Lakini mafakihi wetu wametufunza pia kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake, sembuse kwa yaliyo makubwa zaidi.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipotaka kuupanua Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina, nyumba ya Sayyidna Abbas ilikuwa njiani. Khalifa akataka kuinunua, na Abbas akakataa. Wakaenda kwa Ubayy bin Kaab awaamue, naye akahukumu kwamba haki ni ya Abbas. Khalifa akanyamaa. Ndipo Abbas, baada ya kuthibitishiwa haki yake, akaitoa nyumba bure kwa ajili ya Waislamu. Zingatieni: kazi ilikuwa ya msikiti, na mtawala alikuwa Umar, na hata hivyo maslahi ya umma hayakuwa rukhsa ya kumpokonya mtu mmoja. Basi itakuwaje pale panapotakiwa maduka ya fahari tu?

Na sharia ya nchi yetu haiko mbali na maana hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema katika kifungu cha 62 kwamba ardhi ya umma iliyo mikononi mwa kaunti, kaunti huishika kwa amana kwa ajili ya wakaazi wake. Mwenye kushika amana huitengeneza na kuilinda. Hana ruhusa ya kuigeuza mpaka wenyewe wasiitambue, wala kuwafungia mlango wenye mali.

Haya si ya kwetu peke yetu. London palikuwa na soko la matunda na mboga, Covent Garden, lililopewa hati ya mfalme mwaka 1670. Miaka ya 1960 ilikatwa shauri soko lihamishwe, na mwaka 1968 mabaraza ya mji yakatoa mpango wa kujenga upya karibu eka 100 za mtaa ule, kwa mabarabara mapana, maofisi na mahoteli. Wakaazi wakaungana mwaka 1971 wakapinga, na mwaka 1973 serikali ikayaandika majengo zaidi ya 200 kuwa ya kuhifadhiwa. Mpango ukavunjika. Lakini wauzaji wenyewe walihama mwaka 1974 wakaenda Nine Elms, ng'ambo ya mto, na jengo la soko likafunguliwa tena mwaka 1980 kwa maduka na mikahawa. Kuta zilisalimika, na wauza mboga wakawa hawamo. Paris walipata hasara mbili: soko la Les Halles lilihamishwa mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1971 mabanda yake mashuhuri ya chuma yakabomolewa.

Hapa ndipo pa kujifunza. Chukueni mfano wa Marikiti yetu ya Mombasa, iliyojengwa zama za ukoloni ikapewa jina la Mackinnon. Thamani yake haiko katika jina hilo wala katika mawe yake peke yake. Iko kwa mama anayepata fungu la mchicha kwa kiasi cha fedha alizo nazo, na kwa muuza viungo anayemkopesha mtu kwa neno tu, kwa kuwa alimjua babake. Uaminifu wa namna hii haununuliwi kwa zabuni, na ukishatawanywa haurudi kwa kupaka rangi ukuta. Kwa hiyo anayehifadhi jengo akamfukuza muuzaji amehifadhi ganda akatupa kiini.

Wala tusiwalaumu wakubwa peke yao. Ni nani anayemuuzia mgeni nyumba ya mababu bila kuuliza atajenga nini? Ni nani anayekula kodi ya nyumba ya wakfu na dari yake inaanguka? Na tunapoitwa mkutanoni kutoa maoni yetu, tumekaa barazani twanywa kahawa, kisha tingatinga likija twapiga ukelele wa turathi. Mwenye mali asiyeuliza khabari ya mali yake amemfunza mdhamini khiyana.

Basi kila mpango ukiletwa, na tuulize mambo matatu, na majibu yaandikwe. Je, waliomo leo watarudi, na kwa kodi watakayoiweza? Je, siku za ujenzi watauzia wapi, wapate kuwalisha watoto wao? Je, ni nani aliyeulizwa kabla ya mkataba kutiwa saini? Yakijibiwa haya kwa haki, basi ukuta mbovu na uvunjwe, nasi tutasaidia kubeba vifusi. Yasipojibiwa, kunyamaza kwetu pia ni khiyana ya amana, na amana ina siku yake ya kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.