Kina na Ukweli katika Shairi la Mapenzi

Je, mpenzi anayetunga shairi ana ruhusa ya kutamka neno asilolikusudia kwa sababu tu kina kimemdai? Swali hili huachwa kando madarasani, ambako kuhesabu mizani mara nyingi huwa ndio mwisho wa somo.

Tumfikirie kijana wa Kilosa anayemwandikia mchumba wake aliyeko Mikumi:

Reli yatoka Kilosa, yaelekea Mikumi,
Nakiri nimekukosa, lakini siri sisemi.

Kwa kanuni za mapokeo, ambazo Kaluta Amri Abedi alizieleza katika *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, kijana huyu hana ila. Kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane. Kina cha kati ni *sa*, cha mwisho ni *mi*. Lakini sikio husikia zaidi ya hesabu. "Mikumi" na "sisemi" hukutana kwenye *mi* peke yake, hali "Kilosa" na "nimekukosa" hushirikiana pia irabu *o* yenye mkazo. Uzito wote wa sauti, basi, umeangukia neno "nimekukosa".

Nalo ni neno la hatari. Angeandika "nimekosa", mizani ingepungua moja. Silabi *ku* imeingia kujaza pengo, na papo hapo ikamleta mchumba ndani ya kitendo. Sasa kijana anasema kwamba amemtafuta asimpate, au, kwa matumizi ya wazee, kwamba amemtendea kosa? "Nakiri" inavuta upande wa pili, na "siri" inazidisha shaka. Ikiwa alikusudia upweke tu, kina kimemtwika hatia isiyo yake. Ikiwa kweli alimsaliti, kina kimempa mahali pa kuungama bila kuonekana, na huo ndio woga ninaoulaumu.

Wapo watakaosema vina vitupwe, kama Euphrase Kezilahabi alivyothubutu katika *Kichomi* mwaka 1974. Sioni kwamba hilo lingemponya kijana wetu. Angepoteza kisingizio tu. Maana mbili za neno zingebaki, naye angewajibika kwa zote mbili, kama anavyowajibika sasa.

Msichana wa Mikumi anaweza kujibu kwa desturi ya malenga ya kujibizana, akishika vina vile vile. Neno "kosa" lenyewe bado halijatumika, na "lipi kosa?" ni mizani nne tu.