Fyuzi Iliyofichwa na Wajibu wa Mtengenezaji

Swali tunalotaka kulijadili katika kurasa hizi laweza kuonekana dogo, tena lisilowahusu walimu wa lugha. Je, mtu atengenezaye kitu ana wajibu gani kwa mtu asiyemjua, atakayekitumia kitu hicho miaka mingi baadaye katika nchi ya mbali? Swali hili hatukulipata vitabuni. Tulilipata barabarani, usiku, mvua ikinyesha, pale Mbuya katika jiji la Kampala.

Tulikuwa walimu watatu, tukirejea kutoka katika kikao cha walimu wa Kiswahili. Gari lilikuwa la mmoja wetu, nalo, kama magari mengi ya Uganda, lilikuwa limetumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Tulipokuwa tukiteremka kilima kuelekea Kinawataka, waipa, yaani vile vifuta-kioo vya mbele, zilisimama ghafla. Kioo kikageuka pazia la maji, na dereva wetu hakuwa na budi kuegesha gari kando ya barabara mbele ya duka lililokwisha kufungwa.

Hatukuwa wajinga kabisa wa mambo hayo. Tulijua kwamba huenda fyuzi imeungua, na fyuzi za akiba tulikuwa nazo mkononi. Tukainua boneti, tukakuta kisanduku kimoja, tukajaribu zilizomo, wala hatukuona iliyoungua. Juu ya mfuniko palikuwa na mchoro na maandishi ya Kijapani. Kijitabu cha gari nacho kilikuwa cha Kijapani. Basi watu watatu waliokula mshahara kwa kuwafundisha wenzao kusoma walisimama pale mvuani, hawawezi kusoma.

Akatokea mzee mmoja ambaye zamani alikuwa dereva katika jeshi, akiishi si mbali na kambi ya Mbuya. Wasomaji wetu wa Uganda wanajua kwamba Kiswahili kilikaa kambini muda mrefu kabla ya kukaribishwa madarasani. Akamulika tochi, akasema, "Poleni, jamani. Gari imekataa?"

"Asante, mzee wetu. Waipa zimekufa, na fyuzi hatuioni."

"Hii ya kisasa iko na sanduku ya pili. Hamwezi kuiona. Lazima kung'oa."

Akaingia upande wa abiria, akalala chali sakafuni, miguu yake ikibaki nje mvuani. Akalegeza skrubu, akaking'oa kile kisanduku cha kuwekea karatasi kilicho mbele ya abiria, akapenyeza mkono nyuma ya nyaya, akapapasa. Saa nzima ilikaribia kwisha alipotoka na fyuzi ya manjano ya ampea 20, utepe wake umekatika. Kuweka mpya hakukumchukua hata nusu dakika. Ndipo alipojifuta mikono, akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Mtu aliyeunda hii alijua itaungua. Sasa kwa nini aliificha?"

Yafaa tulitazame swali hilo kwa makini, kwani limebeba hoja kuliko linavyodhaniwa. Fyuzi si kama sehemu nyingine za gari. Mhimili, giaboksi au injini hutengenezwa kwa matumaini kwamba havitaharibika. Fyuzi hutengenezwa ili iharibike. Ni utepe mwembamba wa madini uliowekwa katika njia ya umeme. Mkondo ukizidi kiasi, utepe huyeyuka na njia hukatika kabla waya hazijashika moto. Kuungua kwake ndiyo kazi yake. Kwa hiyo anayeiweka katika gari anakiri tangu siku ya kwanza kwamba ipo siku itabidi mtu aje kuibadilisha. Hata rangi zake zinakiri hivyo: nyekundu ni ya ampea 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30. Rangi hizo hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Ziliwekwa ili jicho la mtu litambue upesi, na mkono wake usikosee. Ni jambo la ajabu, basi, kitu kupakwa rangi ili kionekane, kisha kikafichwa pasipoonekana.

Hata hivyo, haki yatutaka tuusikilize upande wa pili. Mtengenezaji angeweza kujitetea kwa hoja tatu. Hoja ya kwanza ni ya wingi. Gari la Morris Minor, lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, lilikuwa na fyuzi mbili tu chini ya boneti, na mwenye gari aliweza kuzigusa akiwa amesimama wima. Gari la leo lina fyuzi kadhaa wa kadhaa, kwa kuwa umeme ndio uendeshao vioo, kufuli, redio, pampu ya mafuta na kompyuta ya injini. Vyote hivyo vyataka nafasi, na nafasi ni haba. Hoja ya pili ni ya kinga: maji, vumbi na joto ni maadui wa umeme, na mahali palipojificha aghalabu ndipo palipo pakavu. Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Husemwa kwamba mtumiaji asiye na ujuzi ni hatari kwa nafsi yake. Akiifikia fyuzi kwa urahisi, ataweka kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua, na gari litateketea.

Hoja mbili za kwanza twazikubali kwa sehemu. Hatudai kwamba gari la leo lirudi kuwa na fyuzi mbili, wala kwamba kisanduku kiwekwe mvuani. Lakini kukinga si sawa na kuficha. Mlango wa nyumba hukinga mvua na mwivi, ilhali mwenye nyumba anaujua ulipo na ana ufunguo wake.

Hoja ya tatu hatuikubali, maana inamgeukia mwenyewe aliyeitoa. Tumtafakari dereva ambaye amelala chali kwa saa nzima ili kuibadilisha fyuzi moja. Ikiungua tena baada ya juma moja, atakuwa na moyo gani? Huyo ndiye atakayeshawishika kuweka waya nene isiyoungua kamwe, ili asilazimike kurudi kule chini. Yule ambaye kisanduku kipo wazi mbele yake, chenye mchoro anaoufahamu na fyuzi za akiba pembeni, hana sababu ya kufanya hivyo. Kuficha hakumzuii mjinga. Humnyima nuru tu, kisha humwachia giza na haraka. Na hapo ndipo ajali huzaliwa.

Lakini kuna vitu ambavyo kuvificha ni haki. Mfuko wa hewa ulinzao abiria wakati wa mgongano hufumuka kwa nguvu ya mlipuko. Anayeuchokoa bila ujuzi aweza kuumia vibaya. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kitu kiwe wazi kwa kila mtu. Twasema hivi: kadiri mtengenezaji anavyojua kwamba kitu kitahitaji mkono wa mtumiaji, ndivyo wajibu wake wa kumwachia njia unavyozidi. Kitu kilichowekwa kife ili vingine vipone hakina sababu ya kufichwa.

Sasa tuulize: kosa hilo hutokana na nini? Hatuamini kwamba hutokana na ubaya wa moyo. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, aliligusa jambo hili katika kitabu chake juu ya siasa. Alieleza kwamba ziko kazi ambazo fundi aliyezifanya si mwamuzi wao bora: nyumba huamuliwa na akaaye ndani yake kuliko mjenzi, usukani wa chombo na nahodha kuliko seremala, na karamu na mgeni kuliko mpishi. Wahenga wetu walilisema jambo hilo kwa maneno machache: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyepanga mahali pa kisanduku kile alikuwa na mchoro mezani, katika chumba chenye taa. Hakulala chali Mbuya. Aidha, aliyekuwa akilini mwake alikuwa mnunuzi wa kwanza, mtu wa Japani asomaye Kijapani, mwenye karakana karibu na nyumbani kwake.

Mnunuzi wa pili hakuwamo akilini. Hata hivyo, mnunuzi wa pili si jambo la kubahatisha. Magari yaliyotumika huvuka bahari kwa mkondo unaojulikana, na nchi zetu zimeyatungia sheria. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia kuingizwa magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kuundwa. Maana yake ni kwamba gari laweza kuanza maisha yake ya pili kwetu likiwa limekwisha kutumika zaidi ya miaka 10 kwao, yaani katika umri ule ule ambao nyaya huchakaa na fyuzi huungua. Mtu anayejua kwamba kazi yake itafika mbali hawezi kusema kwamba wa mbali hawamhusu. Tusisahau pia kwamba Japani hiyo hiyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, imekisaidia chuo cha ufundi cha Nakawa, jirani na Mbuya, kuwafundisha vijana wetu kuyatengeneza magari. Mkono mmoja umefundisha kufungua, na mwingine umefunga.

Huenda mtu akauliza: je, mwenye gari si angempelekea fundi, akalipa, mambo yakaisha? Angeweza, iwapo fundi yupo na fedha ipo. Lakini hapa pana suala la umiliki. Mtu alipaye bei kamili ya kitu, kisha asiweze kukitengeneza hata katika jambo lililotarajiwa, amekinunua nusu. Nusu ya pili imebaki kwa wengine, naye hana budi kuirudia kila mara kwa malipo. Ulimwengu umeanza kulitambua jambo hilo. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wapiga kura waliidhinisha mwaka 2012 sheria ya kuwapa wenye magari na mafundi wa kawaida habari za matengenezo ambazo awali zilibaki kwa mawakala. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 agizo la kuendeleza haki ya kutengenezewa vyombo vya nyumbani. Sheria hizo ni njema, ila zimetungwa kwa ajili ya watu wa huko. Hakuna iliyotungwa kwa ajili ya mtu aliyeegesha gari Kinawataka.

Wala tusidhani kwamba lawama hii itawahusu wageni siku zote. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme liitwalo Kiira EV, na kazi hiyo imeendelea hata kuzaa mabasi. Nasi twaanza kuwa watengenezaji. Siku ambayo basi la Uganda litauzwa nchi nyingine, je, mfuniko wa kisanduku chake utaandikwa kwa lugha gani, nacho kitawekwa wapi?

Tena sisi walimu ni watengenezaji tangu zamani. Mwanafunzi wa Kampala huandika, "Kitabu yangu imepotea." Mwalimu huchora mstari mwekundu, akaandika pembeni, "Kosa la upatanisho wa kisarufi." Maneno hayo ni ya kweli, lakini kwa mwanafunzi yale ni maandishi ya Kijapani juu ya mfuniko. Kosa lenyewe ni dogo mno, na mwalimu alijua tangu mwanzo kwamba litatokea. Ingetosha kumwonyesha kwamba "ki" ya kitabu ndiyo iongozayo msafara, na wenziwe huifuata: kitabu changu kimepotea. Akishaonyeshwa mahali penyewe, kesho atajirekebisha peke yake, hata mwalimu asipokuwapo. Asipoonyeshwa, atarudi kwa mwalimu kila mara kama gari lirudivyo karakanani, mwishowe aiache lugha kando ya barabara. Hatuna hakika kwamba sisi wenyewe hatujapata kuona fahari kidogo kwa kurudiwa huko. Tukiri kwamba fahari hiyo ni ya kumfungia mwenzetu kilicho chake.

Usiku ule, kabla hatujaagana, mwenye gari alimwomba mzee amtajie kila fyuzi na kazi yake. Mzee akataja, sisi tukaandika kwa Kiswahili juu ya karatasi: hii ya taa, hii ya honi, hii ya waipa. Karatasi hiyo sasa imegandishwa ndani ya mlango wa abiria. Kisanduku bado kimefichwa, wala hatuna uwezo wa kukihamisha. Lakini atakayelinunua gari hilo baada yetu atajua mahali pa kuanzia. Kwa maoni yetu, wajibu wa mtengenezaji aliyeusahau humwangukia yeyote ajuaye baada yake. Tungependa kusikia kutoka kwa wasomaji wetu kama wao nao waona hivyo, ama kama twambebesha mtumiaji mzigo ambao si wake.