Jicho na Mguu

Msomaji, yadhaniwa kuwa jicho hujitosheleza. Mwaka 1963 wataalamu wa Marekani, Richard Held na Alan Hein, walitangaza jambo jingine. Waliwalea paka wachanga gizani, kisha kwa saa 3 kila siku wakawaweka wawili wawili penye mwanga. Mmoja alitembea kwa miguu yake akizungusha mtambo. Mwenziwe alikaa katika kisanduku upande wa pili, akichukuliwa. Macho yao yalipata mambo yale yale. Walipojaribiwa juu ya shimo lililofunikwa kioo, aliyetembea alijiepusha na kina, aliyechukuliwa hakukibagua.

Basi kuona si kupokea tu. Ni kujua hatua yako imebadili nini mbele yako. Mtu si paka, lakini mfano wamfaa. Mwanafunzi anayenakili hesabu ya mwenziwe huliona jibu lile lile, wala halimwongozi kesho. Anayempa anadhani amemhurumia. Kumbe amemnyima njia.

Hata hivyo, aliyebebwa asikate tamaa. Paka wale walipoachwa huru penye mwanga kwa saa 48 tu, nao walitambua kina. Shuka, utembee.