Hifadhi ya Bure na Sharti la Kurudisha

Katika mambo ambayo zama hizi zimeyafanya kuwa mepesi kupita kiasi, mojawapo ni kumkabidhi mtu tusiyemjua vitu ambavyo wazee wetu hawakumkabidhi hata jirani. Picha za harusi, sauti ya bibi akisimulia nasaba, nakala ya hati ya shamba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua za faragha na risiti za ada ya shule, vyote hivyo hutoka kila usiku katika simu zetu vikaenda kukaa katika majengo ya mbali yaliyojaa mitambo, ambayo sisi twayaita wingu. Na mwenye vitu hivyo, aghalabu, hakusoma hata sharti moja la yule aliyevipokea. Lililomtosha ni kwamba alipokewa bure.

Sisemi haya kwa nia ya kumtisha mtu. Simu huibwa, huanguka majini, hufa ghafla bila ya kuugua, na yeyote aliyemwona mzazi aliyefiwa akiitafuta simu iliyobeba picha pekee za mwanawe hatathubutu kuidharau hifadhi iliyo nje ya simu. Lakini kuchagua hifadhi ya bure ni kuchagua mshika amana, na mshika amana hupimwa kwa namna anavyorudisha. Huo ndio upande ambao matangazo huupita kwa haraka, na ndio upande ninaotaka tuutazame kwa utulivu.

“Mjomba, katika hizi za bure, ipi bora?” aliniuliza mpwa wangu, akanisomea orodha aliyoiandaa: MEGA hutoa gigabaiti 20, Google 15, Apple na Microsoft 5 kila mmoja, Dropbox 2. Kwa hesabu ya namna hiyo jawabu lilikwisha kupatikana kabla ya swali. Nilimwomba aiweke kando orodha yake tuitazame kwanza historia ya ahadi hizi, kwa kuwa katika yote anayoahidiwa mtu, ukubwa wa nafasi ndilo jambo linalobadilika upesi kuliko mengine.

MEGA ilipofunguliwa huko New Zealand mwanzoni mwa mwaka 2013 ilimpa kila aliyejiandikisha gigabaiti 50. Kipimo hicho hakikudumu. Mwaka huohuo Flickr, iliyokuwa mali ya Yahoo, ikawapa wapiga picha terabaiti 1 nzima, yaani takriban gigabaiti 1,000 kwa kila mtu, na watu wakamimina humo picha za maisha yao yote. Ilipofika mwaka 2018, ikiwa imekwisha kununuliwa na SmugMug, ikatangaza kwamba asiyelipa ataachiwa picha 1,000 tu na zilizozidi zitafutwa. Ubuntu One, waliyoipenda watumiaji wa programu huria, iliifunga hifadhi yake ya mafaili mwaka 2014, na Copy, iliyokuwa ikigawa nafasi kwa ukarimu mkubwa, ikafungwa mwaka 2016. Mei 2015 Google iliahidi kuhifadhi picha bila ya kikomo, maadamu mwenyewe anaridhia zipunguzwe ubora kidogo. Ahadi hiyo ilikoma tarehe 1 Juni 2021, na tangu siku hiyo kila picha mpya huhesabiwa katika zile gigabaiti 15.

Kisa cha Microsoft nakipenda zaidi kwa sababu kina somo ndani yake. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilitangaza kwamba hifadhi yake ya bure itapunguzwa kutoka gigabaiti 15 hadi 5. Watumiaji wakalalamika kwa wingi, na kampuni ikakubali kwamba yule aliyekuwa na nafasi yake tangu zamani ataachiwa, ila kwa sharti kwamba aombe mwenyewe kabla ya mwisho wa Januari 2016. Waliosoma tangazo wakaomba, nao wakabaki na nafasi yao. Ambao hawakulisoma wakapunguziwa. Mtu anayetaka kujua thamani ya barua zile ndefu tunazozifuta bila ya kuzifungua, na autazame mfano huo.

Insafu yanilazimu niseme kwamba si wote waliobadili masharti walitenda ubaya. Google ilitoa taarifa zaidi ya nusu mwaka kabla, na picha zilizowekwa kwa masharti ya zamani hazikuhesabiwa. Kampuni ya biashara haikutoa hiba. Ilitoa kivutio, ikitaraji kwamba siku nafasi itakapojaa, mwenye mali atakuwa ameweka vitu vingi mno asiweze kuhama, naye atalipa. Hapana siri katika jambo hilo, wala hapana dhuluma, iwapo mpokeaji anajua. Dhuluma huingia pale ambapo njia ya kuingilia ni pana na ya kutokea ni nyembamba, na kwa hiyo swali la kwanza la mwenye busara ni hili: nikitaka vitu vyangu vyote kwa siku moja, nitavipataje? Google ina huduma iitwayo Takeout tangu mwaka 2011, inayomwezesha mtu kukusanya vilivyo vyake na kuondoka navyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa data nayo imempa mtu haki ya kudai taarifa zake katika sura inayoweza kuhamishiwa pengine. Haki hizi zipo. Watu wanaozitumia ndio wachache.

Nasi huku tuna kizuizi kingine ambacho waandishi wa nchi za mbali hawakitaji, nacho ni bando. Mtu aweza kupandisha picha chache kila siku kwa miaka kadhaa asiione gharama, kwa kuwa hulipa kidogokidogo. Lakini siku simu yake inapoharibika na ikambidi kuzirudisha zote kwa pamoja, atatambua kwamba gharama ya kupakua gigabaiti nyingi kwa bando la kawaida haimuduki. Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazoutumikia mwambao wetu, EASSy na Seacom, zilipokatika kwa pamoja, intaneti ilizorota kuanzia Tanzania hadi nchi jirani, na aliyekuwa na nyaraka zake winguni pekee hakuwa na namna ila kusubiri. Kwa hiyo nafasi kubwa kuliko uwezo wako wa kuirudisha nyumbani ni nafasi ya jina tu.

Kuna pia ubia wa nafasi, ambao wengi hawautambui mpaka umewadhuru. Zile gigabaiti 15 za Google hutumiwa kwa pamoja na picha, mafaili na barua pepe, na zikijaa, barua mpya haziingii; video za harusi ya binamu zaweza kumzuilia kijana barua ya kuitwa kazini. Na katika huduma nyingi, kilichofutwa kwenye simu hufutwa na kule pia. Google Drive hukiacha katika pipa siku 30, kisha hukiondoa kabisa. Anayefuta picha ili simu yake ipumue, akiamini kwamba nakala imebaki winguni, na ahakikishe kwanza.

Nimesema kwamba wingu ni majengo, na majengo huungua. Machi 2021 moto ulizuka Strasbourg, Ufaransa, katika majengo ya kampuni ya OVHcloud, jengo moja likateketea, na baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza kila kitu. Hao walikuwa wakilipa.

Lakini jambo linalonishughulisha moyo kuliko moto, na ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha misikitini, makanisani wala katika vikao vya ukoo, ni mauti. Mtu akifa kwetu, wasia wake hutaja nyumba, minazi, madeni na amana za watu. Simu yake hupewa kijana wa nyumbani, naye huifuta ili aitumie. Namba ya simu isiyotumika hufungwa na kampuni, kisha baada ya muda hupewa mtu mwingine, na ikiwa namba hiyo ndiyo iliyokuwa ufunguo wa akaunti, basi ule ujumbe wenye tarakimu za kuthibitisha utamfikia mtu baki. Fauka ya hayo, mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Miaka miwili si mingi kwa watu wenye msiba: eda imekwisha, mirathi haijagawanywa, watoto wangali wakibishana juu ya nyumba, na hapana aliyekumbuka kwamba sauti ya baba yao imo mahali fulani ikihesabiwa siku. Dawa ipo, nayo ni nyepesi. Tangu mwaka 2013 Google humruhusu mwenye akaunti kumtaja mtu atakayepewa vilivyomo endapo yeye atanyamaza kwa muda aliouweka mwenyewe, na Apple imeruhusu jambo kama hilo tangu mwaka 2021. Ni kazi ya dakika chache, na naiona kuwa sehemu ya wasia, yenye uzito sawa na kuandika nani anakudai.

Ufunguo huleta tafauti nyingine katika kuchagua. Ziko huduma, MEGA ikiwa mojawapo, ambazo hulifumba faili kabla ya kulipokea, hivyo hata wenye mitambo hawawezi kulisoma. Kwa hati za faragha sifa hiyo ni kubwa. Lakini aliyesahau nywila yake na asiwe na ule ufunguo wa akiba hatasaidiwa na mtu, wala warithi wake hawatasaidiwa. Mimi kwa hati za siri naridhia sharti hilo. Kwa picha za ukoo siridhii.

Mtu aweza kuuliza, haya yote ni kwa ajili ya nini, na vitu vyenyewe ni vidogo? Na atazame yaliyowapata washairi wetu. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa takriban mwaka 1840, na mashairi yake yalikaa katika vifua vya watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya, mmisionari W. E. Taylor akayapata, karatasi zake zikaishia katika maktaba ya SOAS huko London, na diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Tunayo leo kwa sababu yalipita mikono mingi na kukaa mahali pengi. Hata hivyo, mtafiti wa Mombasa anayetaka kuziona karatasi zenyewe ndiye anayepaswa kumwomba mtu wa London. Mlezi alitunza vizuri, na shukrani anastahili. Lakini mwenye chake huomba. Nikilikumbuka hilo naona ya kuwa si dogo kujua, kabla ya kukabidhi, nani atakuwa mwombaji kesho.

Mpwa wangu alikuwa na sauti za bibi yake, ambaye ni mama yangu, akiwataja wazee wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na alikuwa na picha zisizo na idadi, nyingi zikiwa za chakula na za ukuta. Nilimwambia sauti zile azitenge na mengine, aziweke katika huduma mbili zenye wenyewe tafauti, na nakala ya tatu aiweke katika diski iliyo kabatini kwa mama yake. Kisha, kabla ya kufuta chochote kwenye simu, aziombe zirudi, azipakue kwenye mashine ya mtu mwingine, azifungue na kuzisikiliza kila moja hadi mwisho. Alifanya hivyo, na mojawapo ya huduma alizozipenda kwa ukubwa wake ikashindwa kumrudishia mafaili yote kwa bando alilokuwa nalo. Akaiacha, akachukua yenye nafasi ndogo zaidi. Jina la dada yake limekwisha kuandikwa humo kuwa mpokeaji, na hati ya shamba imo pamoja na sauti. Picha bado anazichambua.