Shukeni Kabla ya Kituo cha Mwisho

Somo: 2 Samweli 11 na 12



Wapendwa wa Malindi ya Usambara, leo nawapeleka sinema. Nawasikia mnaoguna: mhubiri na sinema wapi na wapi? Tulieni. Milima yetu ya Usambara ilikutana na kamera zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri, juu ya Korogwe, Waingereza walipiga kambi ya kutengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika, wakatoa zipatazo 35. Mojawapo ilihimiza watu waweke mshahara kwenye akiba ya posta, maana hela iliyofichwa humngoja mwizi. Somo zuri. Lakini moyo, ndugu zangu, haukai kwenye daftari la posta. Moyo tuufiche wapi usiibwe?

Swali hilo limenirudia juzi, usiku wa ukungu, nilipoitazama tena filamu ya Marekani ya mwaka 1944, Double Indemnity, yaani fidia maradufu. Aliiongoza Billy Wilder. Haina rangi; ni nyeusi na nyeupe, na vivuli vya mapazia vinawachora watu mistari kama nondo za gereza hata kabla polisi hawajatajwa. Ujanani niliitazama nikausifu ujanja wa wahusika wake. Safari hii niliona jeneza linavyochongwa, ubao kwa ubao.

Walter Neff ni wakala wa bima mjini Los Angeles. Anakwenda nyumba ya Bwana Dietrichson kuhuisha bima ya magari, anamkuta mke, Phyllis. Kikuku mguuni, maneno mawili matatu, mtu kapotea. Wanapanga kumuua mume ili wale bima yake. Na kwa kuwa mkataba unalipa mara mbili kwa ajali ya treni, afe kwa treni: dola 100,000! Mume analetewa karatasi, anaambiwa ni za gari. Anatia sahihi. Marehemu ametia sahihi kifo chake mwenyewe.

Mnashtuka? Fungueni somo letu. Mfalme Daudi alimtamani Bathsheba, mke wa Uria. Alipoona siri inavimba, aliandika barua ya kumuua Uria, akamkabidhi Uria mwenyewe aipeleke vitani. Askari mwaminifu alitembea na hukumu yake mkononi, asijue. Hollywood haikubuni kitu, wapendwa. Hata kisa cha Neff kina mizizi yake duniani: mwaka 1927, huko New York, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimuua mume wa Ruth, naye alikuwa ametiwa kwenye bima kwa hila. Mapenzi yao yaliishia wapi? Mahakamani, kila mmoja akimsukumia mwenzake lawama. Tarehe 12 Januari 1928 walikalishwa kwenye kiti cha umeme, usiku mmoja, mmoja baada ya mwingine.

Sasa nisikilizeni, wanaume. Nawaona mnatikisa vichwa: mwanamke huyo, mwanamke huyo! Hapana! Neff anakiri kwa kinywa chake kwamba siku nyingi alikuwa akiwaza namna ya kuliibia shirika lake, kwa kuwa alijua kila mlango wa nyuma. Kuni alikwisha kuzipanga. Phyllis alikuja na kiberiti. Na Daudi, nani alimpandisha darini jioni ile alipomwona Bathsheba? Usimtafute Hawa wa kumbebesha tamaa uliyoilea wewe mwenyewe, ukainywesha maziwa mpaka ikaota meno.

Ofisini kwa Neff yupo mzee mmoja, Barton Keyes, mkaguzi wa madai. Huyo ananusa uongo kama mbwa anavyonusa nyama. Anasema wauaji wawili ni abiria wa tramu moja: hakuna anayeweza kushuka peke yake, na kituo cha mwisho ni makaburini.

Sisi hatuna tramu, lakini basi tunalijua. Ukipanda alfajiri likishuka kutoka Mtae, ukaghairi ukifika Magamba, unagonga bati, konda anaita "Shusha!", unashuka na tenga lako la karoti. Lushoto unashuka. Soni unashuka. Hata Mombo, kule chini kwenye joto, unashuka. Basi la dhambi ya wawili halina konda! Ukigonga bati, mwenzako anakushika mkono: utashukaje, nawe umebeba siri yangu?

Ndivyo mapenzi ya Neff na Phyllis yanavyooza. Baada ya mauaji hawathubutu kuonekana pamoja. Wanakutana dukani, katikati ya rafu za makopo, wakijifanya hawajuani. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawa wanajaribu kukohoa kimya kimya. Waliua ili wawe pamoja, na sasa hawawezi hata kutazamana! Mwisho wanakutana gizani, kila mmoja na nia ya kuua. Anayekumbatiwa ndiye anayepigwa risasi. Hilo ndilo penzi lililogharimu roho ya mtu?

Lakini kilichoniliza si risasi. Kilichoniliza ni vituo vilivyopitwa. Phyllis alipogusia mpango ule mara ya kwanza, Neff aliukataa, akaondoka zake. Kile kilikuwa kituo! Angekwenda moja kwa moja kwa Keyes, filamu ingeisha hapo, mume angezeeka na bima yake. Alinyamaza. Jioni mwanamke akabisha hodi, naye akafungua. Kisha siku moja Keyes anamwita awe msaidizi wake, kazi ya heshima, kazi ya kuwafichua waongo. Kabla hajajibu simu inalia. Ni Phyllis: safari ya treni ni usiku huo. Rafiki mbele ya meza, mauti sikioni! Neff akaichagua simu.

Keyes aliyemnusa kila mwongo hakumnusa Neff. Kwa nini? Alimpenda. Katika filamu nzima mzee huyu hana kiberiti. Kila akitaka kuwasha sigara yake, Neff ndiye anayemwashia. Mwisho Neff amelala mlangoni pa ofisi, damu inamtoka, hawezi kuwasha hata sigara yake. Keyes anapiga magoti, anamwashia yeye. Upendo wa kweli ulikuwa ng'ambo ya meza miaka yote, naye akaukimbilia ule wa kikuku.

Na mnajua filamu inaanzaje? Kwa ungamo. Usiku wa manane Neff anaingia ofisini na risasi begani, anaketi mbele ya mashine ya kurekodia sauti, anasema yote. Hakumwambia mtu; aliiambia mashine, na akasema baada ya watu wawili kwisha kufa. Katika ibada yetu pia ungamo hutangulia. Hamjajiuliza kwa nini? Mnadhani ni desturi tu ya kuanzia? Kanisa linatushusha kwenye basi mapema, Jumapili baada ya Jumapili, kabla ya mahubiri, kabla ya sadaka, kabla barua ya Uria haijaandikwa!

Basi nasema na wewe, wewe hasa. Wewe mume unayemletea mkeo karatasi ya mkopo na kumwambia, "Weka hapa kidole, ni fomu ya mbolea tu": chana karatasi hiyo leo! Wewe mke mwenye simu ya pili ndani ya unga: itoe! Wewe kijana uliyeahidiwa penzi ukimsaidia mtu kumdhulumu mjane shamba lake la kabichi bondeni: penzi linalodai damu au jasho la mwingine limekwisha kufa, linangoja kuzikwa tu, na kaburi lake lina nafasi ya wawili!

Na wewe ambaye umekwisha kupita vituo vyote, usiseme nimechelewa. Daudi naye alikuwa amechelewa. Uria alikuwa kaburini. Nabii Nathani alipomnyooshea kidole, mfalme hakuita wakili wala hakumtaja Bathsheba. Alisema ni mimi, nimetenda dhambi. Alisamehewa, ingawa machozi ya nyumba yake hayakukauka upesi. Kama umemwaga damu, toba yako ina njia mbili, ya madhabahuni na ya kituo cha polisi. Usiikate ya pili ukajidai umeimaliza ya kwanza.

Usiku huu ukungu ukishuka juu ya Malindi, usizungumze na mashine. Kila mmoja wenu anaye Keyes wake: mchungaji, shehe, mama mzazi, mzee wa kanisa, rafiki anayekupenda hata akashindwa kukushuku. Inuka, mwendee, umwambie yote kabla hujalala. Gonga bati, ndugu yangu! Gonga sasa, ushuke!