Tembo wasio na pembe

Ndugu wakatekumeni, mnajifunza ya kwamba Mungu ndiye Muumba wa vitu vyote. Basi wengine huuliza: kama Mungu ameumba wanyama, mbona wanyama hugeuka? Fikirini habari ya tembo wa Gorongosa, katika inchi ya Msumbiji.

Huko wenyeji walipigana wao kwa wao tangu mwaka 1977 hata 1992. Askari waliwaua tembo kwa ajili ya pembe na nyama. Katika kila tembo 100, zaidi ya 90 waliangamia.

Kabla ya vita, katika tembo wa kike 100, kama 18 hawakuwa na pembe tangu kuzaliwa. Wawindaji hawakuwatamani hao. Mwenye pembe nzuri aliuawa. Asiye na pembe akapona, akazaa, na baadhi ya binti zake wakafanana naye. Baada ya vita, wasio na pembe wakawa karibu 50 katika 100. Hakuna tembo aliyezitupa pembe zake kwa hofu. Miili haikugeuzwa, hesabu ya waliopona ndiyo iliyogeuka.

Njaa, ukame na ugonjwa hufanya vivyo hivyo polepole: wafaao mahali pale huacha watoto wengi kuliko wengine. Ndivyo zipatikanavyo rangi ya mnyama, mbio zake, hata werevu wake wa kujificha. Charles Darwin wa Uingereza alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1859. Huitwa uteuzi wa asili.

Ulizo: Je, mafundisho hayo yapingana na imani?

Jibu: Hapana. Mungu aliyeipa mbegu nguvu ya kuota ndiye aliyewapa wanyama sheria zao. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliandika ya kwamba wataalamu waweza kuchunguza asili ya mwili wa mtu. Lakini roho huumbwa na Mungu mwenyewe.

Ulizo: Porini mnyonge hufa. Basi kijijini mjane na mgonjwa waachwe?

Jibu: Hasha! Sheria ya porini yaonyesha yanayotokea. Haimwamuru mtu atende nini. Tembo hakupewa amri. Mtu ameamriwa kumpenda jirani yake. Ampaye mgonjwa uji hapingani na kazi ya Muumba, bali aitimiza.

Tena angalieni: huko Gorongosa, tamaa ya watu ndiyo iliyoamua nani afe na nani azae. Vita vilikwisha, bunduki zikanyamaza, lakini tembo wachanga waliozaliwa katika amani walibeba alama ya tamaa hiyo katika miili yao. Pembe ni jembe la tembo: kwayo huchimba maji na kubandua maganda ya miti. Watoto walinyimwa jembe kwa sababu ya dhambi isiyo yao.

Dhambi haifi pamoja na mwenye kuitenda. Kwa hiyo kila ajitayarishaye kwa ubatizo ajiulize leo: matendo yangu yatawaachia nini wale watakaozaliwa baada yangu?